Suti Isiyo na Kichwa

Umeme ulikuwepo. Hilo ndilo lililomuuma Eskedar.

Kama ungekuwa umekatika, kama unavyopenda kukatika hapa Debre Birhan hasa baridi ikizidi, angenyamaza. Lakini taa ya studio ilikuwa inawaka, kompyuta nayo iko hai, inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba, na kiti mbele yake kitupu. Mwenye kiti, Tamrat, alikuwa ng'ambo ya barabara, ndani ya mkahawa wa Etiye, yaani Shangazi, Zewditu, kona ya mwisho kabisa, mgongo ukutani, amekumbatia kile kishikwambi chake kama mama mwenye mtoto wa homa.

Mgongo ukutani! Sasa mtu mwenye kiti chake, meza yake, kioo kikubwa cha kompyuta yake, anakwenda kujibana kona ya mkahawa kufanya nini?

Zamani haikuwa hivyo, bwana. Zamani kile kioo cha kompyuta kilitazama mlangoni, na picha za harusi zilitengenezwa mbele ya macho ya mji mzima. Mpita njia anasimama, anachungulia, anatoa amri: "Huyo bibi harusi mpunguze shavu!" Mwingine anajibu, "Mwache, ndivyo alivyolishwa kwao." Tamrat anacheka, anaendelea. Eskedar naye anakaa pembeni yake kwenye kistuli, kazi yake kuchagua picha zitakazoingia kwenye albamu na kuzipanga. Na kama unataka kujua mapenzi yao yalianzia wapi, yalianzia hapo hapo, mbele ya kioo kile. Siku moja Tamrat alitaka kufuta kovu dogo kwenye nyusi ya bibi harusi, Eskedar akamwambia, "Liache. Mumewe alilipenda likiwepo." Tamrat akamgeukia. Akamtazama namna ambayo mtu hatazami mfanyakazi. Kovu likaachwa, na kistuli kikaanza kusogea karibu na kiti, kila siku kidogo, hakuna aliyekisukuma.

Halafu baada ya Fasika, Pasaka ya huku, kikaja kishikwambi.

"Umeme huu utaniua," Tamrat alisema siku ile, anakifungua kwenye boksi. "Kompyuta ikizimika katikati ya kazi, kazi imekwenda. Hiki kina betri yake. Halafu ona hii kalamu, Eske. Kwenye kompyuta nasukuma kipanya kama nasukuma mkokoteni. Hapa naandika juu ya picha yenyewe. Nikikandamiza, mstari mnene. Nikilegeza, mwembamba kama unywele. Nachora nyusi unywele kwa unywele."

Na kweli, kazi ilipendeza. Eskedar hakukataa. Lakini kazi za wateja zilipokwisha, Tamrat aliendelea. Akawa anatoka nacho. Ukimkaribia, kidole kinagusa kioo, picha inatoweka. Ukimuuliza, "Kazi tu." Usoni anatabasamu, ila macho yanakimbilia dirishani. Na Jumapili ndiyo hiyo inakuja, wazee wake wamekwishachaguliwa na kupangwa, Gashe Demissie mbele, waende kwa baba yake Eskedar kumwomba binti.

Mlango wa studio ukafunguka, akaingia Bezawit, binamu yake Eskedar, msusi wa duka la jirani. Mkononi ana kolo, shayiri ile ya kukaanga, anatafuna. Huyu dada hana siku asiyotafuna, na hana siku asiyosema.

"Bado yuko kule?"

"Bado."

"Na umeme upo."

"Naona, Bezi. Nina macho."

"Mimi sisemi kitu." Akatupia kolo mdomoni. "Ila bwana wa Tigist alianza hivi hivi. Simu inalala kifudifudi. Akienda chooni, anaenda nayo. Tukasema labda ni mcha Mungu, anasoma Zaburi. Zaburi gani! Ilikuwa na mguu na kisigino kirefu."

"Tamrat siyo bwana wa Tigist."

"Hata bwana wa Tigist hakuwa bwana wa Tigist mpaka siku ile." Akasogea dirishani. "Mwone. Anaipapasa. Hivi picha ndiyo inapapaswa vile? Mimi naona kama anamfuta mtu machozi."

"Nyamaza."

"Nimenyamaza. Mama yako lakini hatanyamaza."

Hapo alimchoma penyewe. Mama yake, Weizero Asegedech, hakumtaka Tamrat tangu siku ya kwanza. Baba, Ato Getahun, muuza mablanketi, mtu wa maneno machache, alisema tu, "Wakija nitawasikiliza." Mama ndiye aliyekuwa na hotuba. "Mwanaume ambaye kazi yake ni kushika videvu vya wake za watu, geuka huku, geuka kule! Na anayefuta makovu ya watu, utajuaje yeye mwenyewe amefuta nini? Mtu huyo kazi yake ni kuficha, mwanangu." Eskedar alimpinga mpaka sauti ikakauka. Leo yale maneno yalikuwa yanamrudia kichwani, na sauti ya mama yake ikiwa ndani yake.

Akachukua netela yake, ile shali nyeupe ya pamba, akajitupia mabegani, akatoka.

Hakupita mbele. Alizunguka nyuma, akaingia kwa mlango wa jikoni, Etiye Zewditu akamwona na akajifanya hakumwona, akaendelea kusugua kikombe ambacho kilikuwa safi tangu asubuhi. Kona ile ya Tamrat ilikuwa ubavuni mwa mlango wa jikoni. Mgongo uliegemea ukuta, sawa, lakini bega lilikuwa wazi. Eskedar akasimama nyuma ya bega lile, akachungulia.

Kwanza hakuelewa anachokiona. Tamrat alikuwa ameikuza picha mpaka kioo kizima kimejaa kitu kimoja. Shingo. Shingo ya mwanamke, nyembamba, ya ujana. Na juu ya shingo ile limepanda pindo la netela, lile la rangi. Tamrat ameinama, ulimi umejitokeza kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika, na ile kalamu inatembea taratibu, inalifuta pindo. Kila inapopita, ngozi inatokea. Inapita tena, ngozi inatokea tena.

Eskedar alihisi kama anamwangalia mtu akivuliwa nguo.

Na netela ile ilikuwa inasema jambo. Mtoto wa kike wa huku anajua hata kabla hajajua kupika mchuzi wa shiro: siku ya furaha pindo linaning'inia chini, miguuni, siku ya msiba netela inageuzwa, pindo linakuja shingoni. Mwanamke yule alikuwa amefiwa. Na aliyefiwa katika umri ule, akapigwa picha vile, macho chini, amefiwa na nani kama siyo mume?

Tamrat akaibana picha kwa vidole viwili, ikapungua, ikaonekana yote. Msichana wa shuruba, nywele zimesukwa mistari kichwani, amesimama. Uso uliinama na ulikuwa na ukungu wa picha ya zamani, Eskedar akahisi kama aliwahi kuuona, hakujua wapi. Lakini hakuutazama sana. Macho yalikwenda pembeni ya msichana yule, aliposimama mwanaume. Mwanaume asiye na kichwa. Mabega, tai, vifungo, mikono imetulia, na juu ya kola hakuna kitu.

Suti ya kijivu.

Aliijua suti ile. Yeye ndiye aliyechagua kitambaa kwa fundi. Yeye ndiye aliyesema mikono ifupishwe kidogo. Ilikuwa ya Jumapili.

"Nani huyo?"

Tamrat aliruka. Kikombe kikapinduka, kahawa ikatiririka mezani, na yeye badala ya kuokoa suruali akaokoa kishikwambi. Akakikandamiza kifuani.

"Eske! Umetokea wapi?"

"Jikoni. Nimekuuliza, nani huyo?"

"Kazi."

"Kazi ina jina."

"Mteja."

"Mteja mjane."

Meza ya pili walikuwepo madereva wa malori wawili, wamepumzika safari ya Dessie. Wakaacha kula.

"Wateja wajane hawaruhusiwi?" Tamrat akasema, anajaribu kucheka.

"Wanaruhusiwa. Wanakaa kwenye kompyuta, mlango wazi, kama wateja wengine wote. Huyu kwa nini anakaa kifuani kwako?"

"Umeme..."

"Umeme upo, Tamrat! Upo tangu asubuhi! Usinitukane na umeme."

"Punguza sauti, mpenzi."

"Na yule bwana asiye na kichwa, naye ni mteja?"

"Ile ni suti tu. Nilihitaji mwili wenye suti, nikachukua picha yangu, nikakata kichwa."

"Umejikata kichwa mwenyewe, ukajisimamisha na mjane wa watu."

"Kitakuja kichwa kingine."

"Cha nani?"

Dereva mmoja akashindwa kujizuia. "Dada yangu, mwache kaka wa watu, labda ni picha ya pasipoti."

"Wewe kula injera yako!" Eskedar alimkata bila kugeuka. Dereva akala injera yake.

Akavuta kiti, akakaa. Wakatazamana. Tamrat alikuwa na macho makubwa, meusi, macho ambayo Eskedar alizoea kuyaona yakimpokea kila asubuhi kama vile hakulala akimsubiri. Leo yalikuwa yamefungwa kwa ndani.

"Mlikutana wapi na huyo mwanamke?"

"Kanisani. Uwanjani."

"Wewe na yeye tu?"

"Mimi na yeye tu."

"Kwa nini asije studio?"

"Hakutaka kuonekana."

"Na nani?"

Tamrat akalamba midomo. "Na wewe," akasema.

Eskedar hakutegemea jibu la kweli. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, uongo angeuweza.

"Nipe nione."

"Eske. Niombe kitu kingine. Kitu chochote."

"Sitaki kitu kingine. Nipe."

"Niliapa."

"Uliapa kwa nani? Kwake?"

"Kwake."

"Na mimi? Mimi uliniapia nini pale kwenye kistuli?"

Tamrat akazidi kukibana kile kishikwambi kifuani, na Eskedar aliona, na badala ya kumhurumia akazidi kuingiwa na shaka. Mtu asiye na kosa anaficha nini?

"Basi waambie wazee wako wasije Jumapili."

Hapo hata Etiye Zewditu aliacha kikombe.

"Usiseme hivyo mbele ya watu," Tamrat alisema polepole. "Wazee hawageuzwi njiani, Eske. Gashe Demissie akigeuzwa leo, hatasimama tena kwa ajili yangu. Wewe unajua."

"Najua."

"Kwa hiyo nikikuonyesha, tumebaki. Nisipokuonyesha, tumekwisha. Ndivyo?"

"Ndivyo."

Tamrat akakishusha kishikwambi mezani. Akakitazama. Kidole gumba kikaja juu ya kioo, kikasimama hapo, kikining'inia. Eskedar alikiangalia kidole kile kuliko alivyowahi kukiangalia kitu chochote maishani mwake. Moyoni alikuwa anasema, gusa, gusa, nakuomba gusa, hata kama ni jambo baya tutajua la kufanya.

Tamrat akakitia ndani ya koti. Akafunga vifungo, kimoja kimoja.

"Nitawaambia," akasema. Akasimama, akatoka, suruali imelowa kahawa, na hakugeuka.

*

Mama alikuwa amekwishachoma kahawa, imechemka. Nyumba nzima inanukia ubani, majani yametandazwa sakafuni, vikombe vidogo vimepangwa. Eskedar aliingia, akavua viatu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha sebuleni kama mgeni.

"Umekula?" mama akauliza.

"Wazee hawaji Jumapili."

Weizero Asegedech hakugeuka, lakini mgongo wake ulisikia. "Hawaji?"

"Nimekataa mwenyewe. Ulikuwa sahihi. Furahi basi."

"Nifurahi nini, mtoto wangu akiwa na uso kama huo?" Lakini sauti ilikuwa na kijisherehe ndani yake, na akakisukuma chini haraka. "Ila nilikwambia. Mtu wa kufuta-futa vile! Haya, ni mwanamke?"

"Mwanamke."

"Nilijua. Nilijua tangu nilipomwona anavyoshika yale mavidevu. Wa mji huu?"

"Sijui. Mjane."

Mama alikuwa anamimina kikombe cha kwanza. Mkondo wa kahawa, ambao miaka yote ulishuka kama uzi mweusi ulionyooka, ukayumba. Kahawa ikamwagika kwenye sinia.

"Mjane," akarudia. "Nani kakwambia mjane?"

"Nimeona mwenyewe, Emaye. Kwenye kile kishikwambi chake. Netela imegeuzwa, pindo liko shingoni. Na yeye analifuta kwa kalamu, taratibu, kama anamvua. Halafu amejisimamisha pembeni yake na suti ile ya kijivu niliyomchagulia, bila kichwa. Anasema walikutana uwanjani kanisani, wawili tu. Kamwapia."

"Kakutajia jina?"

"Hakutaja."

"Ulimuuliza lakini."

"Nilimuuliza, nilimwomba, nikamtishia."

"Na akakataa."

"Akakataa."

"Hata ulipomwambia habari ya wazee?"

"Hata hapo. Alifunga koti, akaondoka."

Mama akaiweka jebena, lile birika la udongo, chini. Hakuiweka kwenye kata yake, aliiweka kwenye majani, ikaegemea upande kama mlevi. Akapangusa mikono kwenye gauni. "Mpumbavu yule," akasema, chini chini, na haikuwa sauti ya kutukana.

Eskedar akamtazama. Mama huyu huyu, ambaye angepaswa sasa hivi kuwa anamwita jirani aje asikie, amekaa anaangalia vidole vyake.

"Unamjua," Eskedar akasema. "Mama, unamjua huyo mwanamke."

"Kunywa kahawa, inapoa."

"Unamjua! Mji mzima mnajua isipokuwa mimi? Ni nani?"

"Namjua."

"Ana nini ambacho mimi sina?"

"Ana magoti yanayouma," mama akasema. "Ana mume. Ana binti mmoja mwenye mdomo mrefu."

"Ana mume? Ni mke wa mtu? Yesu wangu!"

"Ni mimi, we mtoto! Ni mimi!"

Ubani ulikuwa unapanda taratibu katikati yao. Nje punda alipita na mzigo wake, kengele ikalia, ikaisha.

Eskedar alitafuta ule uso wa msichana kichwani mwake, msichana mwembamba wa shuruba, akaulinganisha na mwanamke huyu mnene mwenye miwani, mashavu yamejaa. Sasa alijua aliuona wapi. Aliuona kila siku.

"Lakini... msiba wa nani? Baba yupo."

"Kabla ya baba yako." Mama alisema akiwa anaangalia vikombe. "Nilikuwa na mume. Belachew. Hatukumaliza hata mwaka. Lori lilipinduka kule mteremkoni Tarmaber. Baba yako alikuwa rafiki yake, ndiye aliyebeba jeneza. Akawa anakuja kuniletea kuni. Nani mwingine alikuwa ananiletea kuni? Ndugu zake Belachew walinitoa ndani na shuka moja. Basi Getahun akaniuliza, nikakubali, na pindo bado liko shingoni. Mwaka wa msiba haujaisha. Unajua walivyotusema? Hakuna aliyekuja. Hakuna mchinjaji, hakuna nyimbo, hakuna mpiga picha. Tulikula mkate, tukalala."

"Lakini picha yenu ya harusi... si mlisema mvua iliharibu? Bati lilivuja."

"Mvua gani! Haikuwepo picha. Ilikuwepo hiyo moja, ndogo, nilipigwa nikiwa kwenye msiba. Nimeificha miaka yote chini ya unga wa shayiri." Akajaribu kucheka, ikashindikana. "Nikafikiri, wazee watakuja. Kila nyumba ina picha ya baba na mama ukutani, wamevaa vizuri. Kwangu pana Bikira Maria anaziba pengo. Watu wataangalia. Nikamfuata kijana uwanjani kanisani, nikamwambia nitengenezee harusi. Ondoa msiba, weka suti, kichwa cha Getahun nitakuletea, ipo leseni yake ya zamani. Na nikamwambia, hiyo kompyuta yako hapana, binti yangu anakaa pale kama askari. Fanyia kwenye hicho kidude cha mkononi, na uape."

"Ulisema humtaki. Ulisema hafai kunioa. Halafu ukampelekea siri yako?"

"Ningempelekea nani? Kwenye studio nyingine wangeitangaza kabla ya jioni." Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nilikukataza kwa mdomo. Moyo ulishajua utamchukua tu. Lakini ulipoingia hapo mlangoni ukasema hawaji, nilifurahi. Sikudanganyi, nilifurahi. Nikaona, nikinyamaza sasa hivi, nimeshinda. Siri yangu imebaki na binti yangu nimempata. Ilikuwa ni kunywa kahawa tu na kunyamaza."

Eskedar alikuwa anakiona kile kidole gumba juu ya kioo.

"Ila yeye amenyamaza kwa ajili yangu," mama akasema, "mimi niliyemtukana. Sasa nikinyamaza na mimi, nitakuwa mtu gani?" Akainuka, magoti yakalia. "Kesho asubuhi tunakwenda. Na kahawa hii uinywe, sikuichoma kwa ajili ya nzi."

*

Asubuhi barafu nyembamba ilikuwa bado kwenye nyasi. Tamrat alikuwa studioni, mbele ya kompyuta, kioo kimetazama mlangoni, anatengeneza picha za ubatizo wa mtoto wa watu. Macho yamevimba. Alipowaona wote wawili mlangoni alisimama, akamtazama mama kwanza.

"Etiye..."

"Nimemwambia," mama akasema. "Kaa chini. Wazee wako wako wapi?"

"Nimewaambia wasije. Jana hiyo hiyo."

"Gashe Demissie alisemaje?"

"Alinitupia fimbo."

"Ilikupata?"

"Begani, Etiye."

"Vizuri. Anatupa vizuri kwa umri wake." Akajifunga netela vizuri. "Naenda kwake."

"Wewe?" Tamrat na Eskedar walisema pamoja. Maana tangu lini mama wa binti anakwenda kugonga mlango wa wazee wa mwanaume, kuwaomba waje kumwomba binti yake? Mji utacheka mpaka Krismasi.

"Mji huu ulishanicheka zamani, nikiwa mdogo kuliko nyinyi, na sikufa. Ngoja. Ile picha yangu umefika wapi?"

Tamrat akamtazama Eskedar, kwa woga. "Nilidhani labda sasa hutaitaka tena."

"Kwani nimesema siitaki? Imalize, hiyo kazi yangu. Leta nione." Akakishika kishikwambi mbali na macho, kama sinia ya moto. Akamtazama yule msichana. Kisha akakohoa. "Hayo mabega yaongeze. Getahun alikuwa na mabega. Haya ya kwako ni ya mtu anayekaa siku nzima."

"Nitaongeza, Etiye."

"Na ukimwoa binti yangu uanze kula."

Akatoka. Wakamsikia barabarani akimuuliza Bezawit, aliyekuwa amesimama dirishani na kolo lake, iwapo ameajiriwa kulinda ukuta ule.

Wakabaki wawili. Kompyuta inanguruma. Kistuli kilikuwa pale pale, lakini Eskedar hakukaa.

"Ungenipoteza," akasema.

"Ndiyo."

"Ulijua, na ukafunga vifungo."

"Nilijua. Kila kifungo nilijua." Tamrat alikuwa anasema akiitazama mikono yake. "Ningekuonyesha pale, ungebaki na mimi. Lakini ungemwangalia mama yako kwa jicho gani, habari zake ukizisikia kwangu, mkahawani, na madereva wanasikiliza? Halikuwa langu kulitoa."

"Mimi nilikuona kama bwana wa Tigist."

"Nani?"

"Acha." Machozi yalimjia, akayarudisha kwa nguvu. "Sijui kuomba msamaha. Kwetu hatukufundishwa, umemwona mama."

"Nimemwona."

Akasogea hatua moja. Tamrat hakusogea, alimsubiri pale pale, na macho yake yakaanza kufunguka, kidogo kidogo, lakini siyo yote.

"Nikuulize kitu," akasema. "Siku nyingine ukinikuta nimekumbatia kitu kifuani, utafanyaje?"

"Nitakuuliza."

"Nikisema siwezi kusema?"

Eskedar alifikiri. Angeweza kusema nitakuamini, ni neno tamu, lingemaliza maneno. Lakini alijijua. Angechungulia dirishani vile vile, Bezawit angekuja na kolo lake vile vile.

"Nitanuna," akasema. "Nitanuna vibaya, Tamrat, shiro nitaiunguza makusudi. Lakini nitanunia humo humo ndani kwako."

Tamrat akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kikavunjika katikati, kikawa karibu na kulia. Akavuta kistuli kwa mguu, akakisogeza mpaka kikagusa kiti, na Eskedar akakaa.